Nani Ameondoa Darasa la Chaki?

2 Septemba

Mdogo wangu,

Salamu utazikuta mwishoni, kama zitabaki. Kwanza nijibu: nani ameondoa Darasa la Chaki, tovuti yangu, kwenye ukurasa wenu?

Nakuandikia kwenye anwani yako ya nyumbani kwa sababu ile ya maktaba nimeiandikia mara mbili, na mara zote imenijibu yenyewe, hapo hapo, kwamba ujumbe wangu ni muhimu sana kwenu. Umuhimu gani huo wa kujibiwa na mashine? Nimengoja mtu, mtu hakutokea.

Unajua nimejulia wapi? Darasani, mbele ya wanafunzi. Niliwaambia watoe simu, waende kwenye ukurasa wa chuo chenu, ule wa nyenzo za mtandaoni za kusomea fasihi ya Kiingereza na ya Kimarekani, washuke mpaka chini kwenye riwaya, wabonyeze Darasa la Chaki. Kisha mmoja wa nyuma, ambaye tangu mwaka uanze hajawahi kujibu swali, leo ndio akapata sauti: "Mwalimu, mbona hupo?" Darasa zima likaangua kicheko. Nikacheka nao, ningefanya nini? Lakini ndani nilikuwa nawaka.

Sasa usiniambie hujui. Mkutubi ni wewe. Ukurasa ule ni wako, umeulea tangu ukiwa na viungo vichache vya kuhesabika. Kila Jumatatu unabonyeza kimoja kimoja kuona kipi kimekufa, mpaka shemeji alikuwa anakutania kwamba unatembelea wagonjwa. Hakuna kinachotoka pale bila mkono wako.

Na unajua fika mtihani ni Novemba. Riwaya ya Kimarekani iliyowekwa ni ile ile ya Mama Dobi, yule mwanamke anayefulia watu nguo miaka yote ambayo mumewe yuko machimboni. Kitabu hakipatikani madukani. Shule yangu ina nakala moja, ninayo mimi, nawasomea kwa sauti. Mtandaoni hakijawekwa, na maelezo yake ya maana ni yangu tu. Nusu ya watoto wanaofika kwangu, wa shule ambazo hata sizijui, wanapitia kwenu. Umewafungia njia miezi miwili kabla ya mtihani. Kwa nini?

Kama ni yale maneno ya watu, kwamba mwalimu wa fasihi ambaye binti yake mwenyewe alianguka fasihi hana la kufundisha, basi niambie waziwazi. Yule alianguka kwa uvivu. Nilimwambia hivyo mbele ya mama yake na nitarudia popote. Kama jibu lake ni kuhama nyumbani, kukosa chuo na kwenda kupiga fotokopi za watu kwenye duka la uchochoroni, shauri yake. Mimi ninao wengine wa kuwafaulisha.

Rudisha kiungo changu. Salamu hazikubaki.

Kaka yako,
Chaki

6 Septemba

Kaka, shikamoo.

Nimeipata barua yako na nasikitika kwa usumbufu uliojitokeza.

Kamati ya maktaba imepitia upya nyenzo zote zilizo kwenye ukurasa ule. Vigezo vimekazwa. Tovuti inatakiwa ionyeshe mwandishi wake ni nani na amesomea nini, itaje marejeo, na iwe imepitiwa na mtu mwingine mbali na aliyeiandika. Darasa la Chaki halina marejeo, na jina lako kamili halipo popote. Wewe mwenyewe ulitaka liwe hivyo. Hukuondolewa peke yako, zimetoka tovuti kadhaa.

Nina ombi moja, na nakuomba sana ulipokee kwa utulivu. Kule kwako, ule ukurasa wa riwaya ya Mama Dobi, ufunge kwa sasa. Mwingine wote uache, ni huo tu. Ukiweza kuufunga wiki hii, nitashukuru. Nitakueleza vizuri tukionana.

Nisalimie wifi. Na binti, kama mnawasiliana.

Mdogo wako

10 Septemba

Wewe,

"Nasikitika kwa usumbufu uliojitokeza." Hivi unanijua mimi ni nani? Mimi ndiye niliyekubeba mgongoni kuvuka lile dimbwi la nyuma ya shule ukilia viatu vitalowa. Leo unaniandikia kama naulizia mita ya maji.

Marejeo! Nimekaa jana kutwa nzima kwenye ukurasa wenu kuangalia mliowaacha, hao wenye marejeo. Kuna tovuti ya huko Marekani inakupa muhtasari wa sura tatu bure, ukifika ya nne inataka kadi ya benki. Mtoto wa kidato cha sita ana kadi ya benki? Kuna jedwali la nyakati la waandishi wa Kiingereza ambalo ukiligusa kwa simu linaruka karne mbili. Kuna profesa amerekodiwa saa nzima, na nusu ya saa hiyo anasimulia alivyokutana na mkewe maktabani. Huyo ana marejeo, sikatai, kataja mpaka rangi ya gauni.

Nani kati ya hao amewaeleza watoto wetu theluji ni kitu gani kwa mwanamke anayefua nguo? Niliwaambia waingize mikono kwenye friji ya mama zao, wakae hivyo mpaka vidole vigome, kisha wafikirie shuka lililolowa. Walielewa! Wameniandikia watoto kutoka shule ambazo hazina hata mwalimu wa somo hili. Mmoja aliniambia mimi ndiye mwalimu wake na hajawahi kuniona sura. Kamati yako imewahi kuambiwa hivyo?

Na hilo ombi lako ndilo limenimaliza kabisa. Nifunge ukurasa wa Mama Dobi? Ule ule unaosomwa kuliko yote? Eti utanieleza tukionana. Acha kunizungusha. Kuna mtu hapo chuoni anataka kuandika maelezo yake ya riwaya hiyo, na mimi nimekaa njiani kwake. Basi anikwepe yeye, mimi sisogei.

Nimeshachukua hatua zangu. Anwani ya ukurasa nimeirusha kwenye kundi la walimu wa fasihi, na wao wameirusha kwenye makundi yao. Na mkuu wako wa maktaba nimemwandikia barua ya malalamiko, ndefu, yenye jina langu kamili, shule yangu na namba ya simu, maana mlilia kwamba mwandishi hajulikani. Sasa anajulikana.

Kaka yako, ukipenda

12 Septemba

Kaka,

Umefanya nini wewe? Umefanya nini, jamani?

Sitaki tena adabu. Nimekuficha wiki mbili nzima na wewe umetoka mwenyewe ukapiga kelele barabarani. Sikiliza sasa, na usinikatize hata kichwani mwako mpaka nimalize.

Mwishoni mwa Agosti alikuja maktabani mwenyekiti wa wasahihishaji wa mtihani wa fasihi. Akavuta kiti akakaa mezani kwangu. Akasema mwaka jana swali kubwa la riwaya lilihusu mwisho wa kitabu cha Mama Dobi, na watahiniwa wengi mno, kutoka shule zisizojuana, wameandika mwisho ambao kwenye kitabu haupo. Mume anagonga, Mama Dobi anafungua mlango, mume anaingia, ananawa mikono, anawasha jiko la mafuta ya taa, wanakula bila kusema neno, na asubuhi wameshasameheana. Wote wameandika hivyo hivyo, na jiko hilo hilo. Wote wamepata sifuri kwenye swali lile. Akaniomba, kwa kuwa mimi ndiye mtu wa nyenzo za mtandaoni, nimtafutie maneno yale yametoka wapi. Bodi ya mitihani inataka kumtaja huyo mtu kwenye waraka utakaokwenda shule zote.

Niliandika yale maneno kwenye kompyuta akiwa amekaa pale pale. Ukatokea wewe, wa kwanza juu kabisa. Niligeuza skrini, Kaka. Mimi ambaye hata kalamu ya kazini sijawahi kuondoka nayo, nilimgeuzia mwenyekiti skrini nikamwambia mtandao unasumbua, nitamjulisha. Alipoondoka nikakiondoa kiungo chako, na nikaondoa vingine vitano visivyo na kosa lolote ili chako kisionekane kimekwenda peke yake. Hakuna kamati yoyote. Kamati ni mimi.

Mama Dobi hafungui mlango! Anatoka na mtoto kwa nyuma, anakwenda zake, na mume anabaki akigonga nyumba tupu. Ndivyo kitabu kinavyoisha. Ule wako umeutoa wapi mimi sijui, na mwaka huu watoto wanaukariri tena, na safari hii umeurusha kwenye makundi ya walimu wote!

Mkuu wangu, ambaye naye mwenyekiti alimweleza, ameniletea barua yako leo na ameandika kwa kalamu nyekundu: "Huyu ndiye?" Ufunge ukurasa ule leo. Usingoje kesho.

Mdogo wako

13 Septemba

Mdogo wangu,

Nimekusoma, na ningekuwa sikujui ningesema umelewa.

Kitabu ninacho hapa mkononi. Nimekifundisha miaka na miaka, nakijua kuliko njia ya kwenda kazini. Mume anagonga, Mama Dobi anainuka, anaweka mkono kwenye komeo. Hapo ndipo ukurasa wa mwisho unapoishia. Mwandishi amekuachia wewe, msomaji mwenye akili, umalizie. Mtu akishika komeo anafanya nini? Anafungua! Hayo ya kunawa na jiko niliyaweka mimi ili watoto waone kwa macho, na sioni ubaya wake. Hayo ya kutoka kwa nyuma na mtoto nyinyi mmeyaota.

Na usidhani sikuhakikisha. Nimeingia mtandaoni nikatafuta. Tovuti tatu, narudia, tatu, na moja ni ya nje kabisa, zote zinasema kama mimi. Anafungua, wanakula. Sasa sisi wanne wote ni wajinga, mwerevu ni mwenyekiti wako?

Halafu nikuulize na hili, maana limenikera usiku na mchana. Ni nani aliyeandika chini ya jina langu, kwenye ukurasa wa chuo, "Maelezo bora kuliko yote, mwanafunzi aanzie hapa"? Si wewe? Wewe unayebonyeza kila kiungo kila Jumatatu, ulikuwa unabonyeza tu au na kusoma ulisoma?

Sifungi kitu.

Chaki

14 Septemba

Kaka,

Sikusoma mpaka mwisho. Nilisoma ulivyoeleza theluji, nikajisikia fahari, nikaandika yale maneno. Ilikuwa ni yako, nikaamini. Hilo nalibeba mimi.

Hizo tovuti tatu zimekunakili wewe. Zitazame tena. Zote zina jiko la mafuta ya taa. Kwenye kitabu, tangu sura ya kwanza, nyumba ile inatumia makaa ya mawe. Wamebeba na jiko lako.

Nakala yako imepungukiwa. Baada ya mkono kwenye komeo kuna sura nzima, fupi, ya kurasa sita. Ya kwetu hapa maktabani imekamilika. Nimezipiga picha zote sita, nimeziambatisha. Zisome.

Ukishazisoma, usinijibu mimi. Jiulize ni nani mwingine aliyekaa kwenye ule mtihani mwaka jana, aliyefundishwa na wewe darasani na nyumbani, akapungukiwa alama chache tu kuingia chuo. Halafu ukamwita mvivu mbele ya mama yake.

Mdogo wako

5 Oktoba

Wifi yangu,

Natumaini hamjambo huko. Sisi tupo, ila nyumba haina raha.

Kaka yako hajakujibu na asingeweza. Zile picha alizifungua kwenye simu akiwa amesimama jikoni, anangoja chai. Chai ikachemka ikamwagika yeye yupo pale pale. Nikajua ni msiba. Nikamuuliza nani amekufa, akasema hakuna, akaenda kukaa kwenye gari bovu lile la uani mpaka watoto wa jirani wakaja kuniuliza baba anakwenda wapi. Ukurasa ameufunga siku ile ile. Kwa hilo usimlaumu tena.

Ninalotaka kukuambia ni lingine. Wiki iliyopita alivaa shati la Ijumaa, akasema anakwenda kumwona mtoto. Mimi huu ni mwezi wa tisa namwomba hicho kitu, nikasema alhamdulillahi. Akaenda mpaka dukani anakopiga fotokopi. Akakuta foleni. Akapanga foleni, wifi! Baba mtu mzima, kwa mwanawe wa kumzaa. Zamu yake ilipofika, akatoa kitambulisho akasema anaomba nakala moja. Mtoto akamnakilia. Akalipa, akashukuru, akarudi nyumbani na hiyo karatasi. Mpaka leo iko juu ya friji, na hakuna aliyekuwa anaihitaji.

Nilimchamba siku hiyo mpaka sauti ikakauka. Na wewe nakuchamba sasa, unisamehe. Ulijua tangu Agosti. Ulikaa na siri hiyo ukahangaika na kiungo, na jina la kaka yako, na mwenyekiti, na mkuu. Yule mtoto ni mwanao pia, alikuwa kwako likizo nzima ile kabla ya mtihani. Ulishindwa nini kumpigia simu ukamwambia, mama, hukuwa mvivu? Nyinyi wawili mmesoma sana, na mmegombana kwa ufasaha sana, na katikati hakuna aliyemuuliza yeye chochote.

Bodi imemwita kaka yako, amekwenda, hakujitetea. Hawatamtaja kwenye waraka akiandika masahihisho mwenyewe na kuyaweka wazi. Anayaandika sasa hivi, amefuta mara sijui ngapi. Nakuomba usimjibu kwa hasira yatakapokufikia. Zimetosha.

Wifi yako

12 Oktoba

Mdogo wangu,

Bodi imeridhika, kwa hiyo nakutumia na wewe. Haya ndiyo niliyoyaweka juu kabisa ya Darasa la Chaki, kwa herufi kubwa, na nimeyatuma kwenye kila kundi nililowahi kutuma yale ya mwanzo:

"Wanafunzi na walimu wenzangu. Maelezo ya mwisho wa riwaya ya Mama Dobi yaliyokuwa hapa hayakuwa sahihi. Nakala niliyofundishia ilikuwa imepungukiwa na sura ya mwisho, nami sikujua. Mama Dobi hafungui mlango. Anaondoka na mtoto. Jiko, chakula na msamaha havimo kitabuni. Tovuti nyingine zilizoandika hivyo zilichukua kwangu. Kwa miaka yote niliyofundisha riwaya hii, hakuna mwanafunzi wala mwalimu aliyewahi kunieleza kwamba kuna kosa. Laiti angekuwepo mmoja, tusingefika hapa. Atakayesoma haya amwambie na mwenzake." Na chini yake jina langu kamili.

Sijakusamehe ile "nasikitika kwa usumbufu". Mengine yote ulikuwa sahihi, na inaniuma kuandika hivyo kuliko unavyofikiri. Vile viungo vitano ulivyovitoa kwa ajili yangu virudishe, havikukosa kitu. Changu kiache nje.

Mama yake anasema nimwandikie binti barua. Nimeanza, inanishinda. Naandika "mwanangu" halafu najikuta nasahihisha insha. Nimemtumia hayo masahihisho tu, bila neno lingine. Atanielewa.

Kaka yako

4 Novemba

Baba,

Shikamoo. Nimekuelewa, na ndio maana nakuandikia.

Nimeyasoma masahihisho yako mara ya kwanza nikiwa kazini, nikayatoa kwenye mashine ile ninayopigia nakala za watu, nikayasoma tena. Ni mazuri. Kila mtu atasema mwalimu huyu ni muungwana, kakubali kosa. Mimi niliposoma "hakuna mwanafunzi aliyewahi kunieleza" niliurudia mstari ule kwa sauti mpaka mteja akaniuliza nazungumza na nani.

Mimi nilikueleza, Baba.

Likizo ile kabla ya mtihani nilikuwa kwa shangazi. Mchana aliponiacha maktabani nilikitoa kitabu rafuni nikakisoma kuanzia mwanzo mpaka mwisho, ndani ya siku mbili, kwa sababu kilikuwa chako na sikuwahi kukishika mwenyewe. Shangazi hakujua, alikuwa na kazi zake. Nilirudi nikiwa na furaha sana, kama mtu aliyekuletea zawadi. Ulipofika kwenye komeo siku ile darasani nikanyoosha mkono. Nikasema, mwalimu, mbele kuna sura nyingine, hafungui. Unakumbuka ulichosema? Ulisema, "Nyumbani mimi ni baba yako, hapa mimi ni mwalimu wako, na kote nimekutangulia." Watu wakacheka. Ukaniambia nisimame niusimulie mwisho wote, wa mlango, wa kunawa, wa jiko, mpaka asubuhi. Nikausimulia, ukaniambia nikae. Jioni nikajaribu tena mezani, ukasema hutaki ubishi wa mitandaoni wakati wa kula. Haikuwa mitandaoni! Ilikuwa kwenye kitabu!

Siku ya mtihani swali likaja lile lile. Nilikaa nalitazama. Niliijua sura ya mwisho karibu kwa moyo. Nikawaangalia wenzangu, wote wameinama wanaandika, na nilijua wanaandika jiko. Nikafikiri kwamba nikiandika ninachokijua, kuna mtu mahali fulani atakaa na karatasi zetu zote pamoja, ataona moja ina mwisho mwingine, ataona jina la ukoo ni la mwalimu, na atajua binti yako mwenyewe ameandika kwamba wewe ni mwongo. Sikuweza. Nikaandika wako. Niliuandika vizuri kuliko mtu yeyote mle ndani, Baba, nilikuwa nimeusimulia mbele ya watu.

Matokeo yakaja. Ukaniita mvivu, mbele ya Mama, na ukasema unaona aibu hata kutembea na mimi. Nilikuwa na neno moja tu la kukujibu na ningelisema ungevunjika pale pale sebuleni. Nililimeza nikaondoka nalo. Usiseme nilihama kwa jeuri. Nilihama kwa sababu nisingeweza kuendelea kukaa kimya huku unanitazama vile.

Ulipokuja dukani nilikuona tangu ukiwa wa nne kwenye foleni. Nikasema moyoni, leo anasema. Ukaomba nakala ya kitambulisho. Niliipiga pande zote mbili, nikajichelewesha, nikakuuliza kama unataka na nyingine. Ukasema moja inatosha. Nina hasira na wewe kuliko nilivyowahi kuwa na mtu yeyote, na nina haki nayo, na sitaki Mama aje kunituliza.

Leo asubuhi nimeufanya mtihani tena. Nilijiandikisha mwenyewe tangu mwezi wa tatu, sikumwambia mtu. Swali la Mama Dobi limerudi. Nimeandika wa kitabu, sura yote, alivyomfunga mtoto viatu gizani asije akalia. Sikukuwaza hata kidogo mpaka nilipomaliza.

Jina langu usiliweke mtandaoni, wala usiandike kwamba aliyekuambia ni binti yako. Ule mstari tu ufute. Andika kwamba uliambiwa.

Binti yako